Mashine Haiwashwi Kabla ya Kuhesabu Watu

Tumezoea kuzungumza hapa juu ya malaria, kipindupindu na chanjo za watoto. Leo nazungumza na wewe unayesimamia kazi kiwandani: katika kiwanda cha sukari, cha samaki, cha kusaga unga, au karakana ya kuchomea vyuma hapa mjini Kisumu. Mfanyakazi wa kawaida pia usiondoke. Maneno haya ni yako vilevile.

Wazee wetu waliofanya kazi katika mashamba ya walowezi walimjua nyapara. Kazi yake ilikuwa kuhimiza: haraka, haraka! Jioni hakuulizwa nani ameumia, aliulizwa kazi imefika wapi. Wakati wa nyapara umepita, lakini tabia yake bado imo katika viwanda vingi. Msimamizi ni mtu tofauti. Anajua mashine inafanya nini, na anajua kila mtu wake yuko wapi.

Nikupe kisa. Miaka michache iliyopita, usiku, aliletwa zahanati yetu kijana wa miaka ishirini na mitatu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umezungushiwa aproni iliyolowa damu. Mkanda wa kubebea mzigo ulikuwa umekwama. Alizima swichi, akaingiza mkono kuondoa kilichokwama. Mwenzake wa upande wa pili, ambaye hakumwona, alidhani stima zilipotea na zimerudi. Akawasha. Vidole vitatu vilikatika.

Aliyemleta alikuwa msimamizi wake. Aliketi kwenye benchi letu, akaniambia, "Sista, mimi nilikuwa ofisini najaza kitabu cha zamu. Nilikuwa nimewaambia tumebaki nyuma." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hajafundishwa utaratibu, na mahali pale hapakuwa na kufuli hata moja.

Ndiyo, kufuli. Kufuli kama lile la mlango wa duka lingeokoa vidole vile. Sikiliza utaratibu wenyewe.

Kwanza, mashine ikikwama, au ikihitaji kuoshwa au kutengenezwa, zima kwenye swichi kuu. Usitegemee kitufe cha karibu peke yake.

Pili, anayeingiza mkono aifunge swichi ile kwa kufuli, atundike kibao chenye jina lake, na ufunguo akae nao mfukoni mwake mwenyewe. Wakiwa watatu, ziwe kufuli tatu.

Tatu, jaribu kuwasha ili uhakikishe kwamba imekufa kweli. Kumbuka nguvu nyingine hubaki ndani hata stima zikikatwa: mvuke kwenye bomba, hewa iliyoshindiliwa, mzigo ulioning'inia. Utoe mvuke na hewa, ushushe mzigo.

Nne, kazi ikiisha, rudisha vifuniko vya kinga mahali pake. Kisha wahesabu watu wako kwa macho, ukiwataja kwa majina. Hapo ndipo utoe amri ya kuwasha.

Hatari ya pili haina kelele. Ukanda wetu wa sukari ni wa zamani. Kiwanda cha Miwani kilianzishwa mwaka 1922, kisha vikafuata Muhoroni na Chemelil. Kunapotengenezwa sukari hubaki molasi, na molasi huchachushwa ili kupata spiriti. Inapochachuka hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi. Hewa hii ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hukaa chini ya tangi. Huioni, na pua yako haitakuonya kwa wakati. Anayeshuka kuosha tangi anaweza kuanguka baada ya pumzi chache. Mwenzake akimwona anaruka kumwokoa, naye anaanguka. Watu wetu wanaochimba visima na vyoo wanajua jambo hili. Mara nyingi wanaokufa ni zaidi ya mmoja, na wa pili ni yule aliyekuwa na huruma.

Basi msimamizi, mtu asiingie tangini bila ruhusa yako ya maandishi. Hewa ya ndani ipimwe kwa chombo. Hewa tunayovuta kila siku ina oksijeni karibu sehemu 21 kwa 100. Ikipungua chini ya 19.5, hakuna kuingia. Valvu zifungwe kwa kufuli, hewa safi ipulizwe ndani, anayeingia afungwe kamba, na nje asimame mtu asiyetoka hapo hata kwa dakika moja. Kukitokea shida, wa nje avute kamba na kuita msaada. Yeye asishuke.

Sasa tuje ziwani. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu za kuulia wadudu. Viwanda viliumia, wavuvi wakaumia, na mama wauza samaki wakaumia. Baadaye usimamizi ulikazwa: joto la samaki hupimwa, maji hupimwa, na kila kitu huandikwa. Ni jambo jema. Lakini mimi huuliza: ikiwa tumeweza kumwandikia sangara joto lake, tutashindwaje kumwandikia binadamu aliyeshika kisu? Andika aliyekatwa, anayetetemeka kwa baridi, aliyefanya zamu mbili mfululizo. Mtu aliyechoka hukosea kama mlevi.

Vyumba vingi vikubwa vya barafu hupozwa kwa amonia. Ikivuja, huchoma macho, koo na mapafu. Ukinusa harufu yake kali, simamisha kazi na utoe watu. Msikimbie kufuata upepo, maana gesi inawafuata. Nendeni mkiukata upepo, kisha mfike upande unakotoka. Hapa kwetu mchana upepo hutoka ziwani kuja mjini, na usiku mara nyingi hugeuka. Kwa hiyo tundika kitambaa mahali pa juu ili watu wauone upepo, na uwe na sehemu mbili za kukutania. Mkifika, hesabu watu wako.

Sheria iko upande wako. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inasema mfanyakazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, na mwajiri hawezi kumlazimisha kurudi hapo kabla hatari haijaondolewa. Kiwanda chenye wafanyakazi 20 au zaidi kiwe na kamati ya usalama. Mtu akifa kazini, afisa wa usalama na afya kazini wa eneo hilo aarifiwe ndani ya saa 24.

Tusidhani haya ni maneno ya karatasi tu. Kule Bangladesh, tarehe 23 Aprili 2013, nyufa zilionekana katika jengo la Rana Plaza lililokuwa na viwanda vya nguo. Benki iliyokuwa chini ilifunga. Washonaji waliamriwa warudi kazini kesho yake. Jengo likaanguka, na watu zaidi ya 1,100 wakafa. Onyo lilikuwapo. Aliyekosekana ni mwenye mamlaka wa kusema, "Leo hatufanyi kazi."

Kabla sijamaliza, huduma ya kwanza. Damu ikitoka, bana jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Kidole kikikatika, kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitie katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha mfuko huo uweke juu ya barafu. Kidole kisiguse barafu yenyewe. Mpeleke mgonjwa hospitali haraka, na mfuko uende naye. Aliyemwagikiwa kemikali avuliwe nguo zilizolowa na aoshwe kwa maji yanayotiririka, dakika 15 au zaidi.

Yule kijana alipona, lakini ilibidi ajifunze kuandika kwa mkono wa kushoto. Msimamizi wake alinipigia simu baada ya miezi kadhaa. Aliniambia wamenunua kufuli, na kwamba sasa hawashi kitu kabla hajawataja watu wake wote, jina kwa jina. Nawe kesho ukiingia zamu, anza hapo.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:
1. Katika kazi yako, ni nani mwenye uwezo wa kusimamisha mashine? Je, anautumia?
2. Mwenzako akianguka ndani ya tangi au kisima, utafanya nini kwanza?
3. Mahali pa kukutania panajulikana na watu wote wa zamu yako?