Giaboksi Inayovuja Haingoji Kusi: Matunzo ya Injini Kuukuu za Mashua

Mazungumzo kwa wenye vyombo, manahodha na mafundi wa Kaunti ya Lamu



Kutoka Kizingitini na Faza hadi Matondoni na mji wa Lamu, mashua nyingi za tanga siku hizi zina injini ya dizeli ndani. Baadhi ya injini hizo zilinunuliwa zikiwa zimeshatumika, na zimefanya kazi miaka mingi katika joto na maji ya chumvi. Dalili ya uchakavu inayodharauliwa kuliko zote ni matone ya oili chini ya giaboksi. Mwenye chombo huweka kopo la kukinga matone, huongeza oili kila asubuhi, kisha husema, "Bado inakwenda." Mazungumzo haya yanahusu kopo hilo.

Oili ndani ya giaboksi hulainisha meno ya gia na hupunguza joto. Katika giaboksi za haidroliki, presha ya oili hiyo ndiyo pia inayoshika klachi. Oili ikipungua, klachi huteleza: injini hunguruma lakini rafadha haisukumi. Jambo hili halitokei chombo kikiwa kimefungwa gatini. Hutokea injini inapobeba mzigo mkubwa, yaani kwenye mlango wa bahari wakati wa kusi, mawimbi yakija mbele na miamba ikiwa karibu. Hapo abiria na mabaharia hulipia uvujaji ambao ungezibwa nchi kavu.

Kazi ya kwanza ya fundi ni kujua oili inatoka wapi. Injini na giaboksi zisafishwe na kukaushwa, kitambaa cheupe kitandazwe chini, kisha injini iwashwe kwa dakika 15. Oili nyeusi kwa kawaida ni ya injini. Nyekundu ni ile ya gia za otomatiki, ambayo giaboksi nyingi za mashua hutumia, ingawa nyingine hutumia oili ya injini. Kitabu cha mtengenezaji au kibao kilicho kwenye giaboksi ndicho chenye jibu. Oili ikidondoka pale injini na giaboksi zinapoungana, rangi itaonyesha kama sili iliyochoka ni ya nyuma ya injini au ya mbele ya giaboksi.

Pili, oili yenyewe isomwe. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na mara nyingi kipozaji cha oili kimetoboka kwa kutu ya chumvi. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, klachi imekuwa ikiteleza. Ikiwa na chembe za chuma zinazong'aa, beringi au meno ya gia yanalika. Katika hali hizi tatu, kubadilisha sili peke yake ni kuficha ugonjwa.

Tatu, yaangaliwe mambo yasiyogharimu chochote. Oili ikijazwa kupita alama ya kijiti, itatafuta njia ya kutoka. Vilevile, giaboksi ina tundu dogo la kupumulia. Tundu hilo likizibwa na rangi au uchafu, presha hupanda na kusukuma oili nje kupitia sili ambayo bado ni nzima. Si mara moja giaboksi imefunguliwa yote wakati dawa ilikuwa kuzibua tundu.

Ikithibitika kwamba sili ya nyuma imekwisha, flanji ifunguliwe na sili ing'olewe bila kukwaruza chuma. Kabla ya kutia mpya, fundi apitishe ukucha mahali sili inaposugua. Ukucha ukikwama, pana mfereji, na sili mpya itavuja tena baada ya muda mfupi. Mahali hapo pavalishwe pete nyembamba ya chuma, au sehemu hiyo ibadilishwe.

Swali linalosahauliwa zaidi ni kwa nini sili ilikufa. Mara nyingi shafti ya rafadha haiko sawa na giaboksi, kwa sababu raba zinazobeba injini zimelegea au mbao zimekaa vingine. Mashua ya mbao ikiwa juu ya ufuo si umbo lile lile la mashua iliyo majini. Kwa hiyo shafti inyooshwe chombo kikiwa kimeelea, ikiwezekana baada ya siku moja. Nafasi kati ya flanji mbili ipimwe kwa fila geji juu, chini, kushoto na kulia. Kwa flanji ya sentimita 10, tofauti isizidi milimita 0.1.

Injini kuukuu si lazima iwe injini mbovu. Kabla ya kuitupa, kompresheni ya kila silinda ipimwe na moshi utazamwe. Moshi mweusi huonyesha mzigo mkubwa au upungufu wa hewa, na wa buluu huonyesha oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha huashiria dizeli isiyoungua vizuri au maji ndani ya silinda.

Oili iliyomwagika ngamani isifuliwe pamoja na maji na kutupwa baharini. Ikusanywe kwa matambara na kutiwa debeni. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na katika mizizi yake ndimo samaki wachanga, kamba na kaa wanamokulia. Mvuvi anayemwaga oili huko anaharibu kesho yake mwenyewe.

Mwisho, tanga lisiachwe nyumbani kwa sababu injini ipo. Tanga zima, foromali imara, nanga yenye kamba ya kutosha na majaketi ya kuokolea kwa kila aliyemo ndivyo vitakavyorudisha watu nyumbani giaboksi ikikataa. Msimu wa matengenezo ni kabla ya kusi kuanza kuvuma, bahari ingali tulivu na fundi ana nafasi. Sili ni kitu kidogo kinachoshikika kiganjani. Asiyeziba ufa atajenga ukuta, na baharini hakuna pa kuujengea.