Kukimbiza sauti si kuficha shahidi

Leo hatutasema juu ya maandamano. Tutasema juu ya fishie za sauti, kwa sababu tangu tuanze kukusanya ushuhuda wa wamotari na wamama wenye wanalipishwa ku bariere bila kupewa jetoni, sauti zinaingia kila siku ku telefoni zetu. Watu hao wametuamini. Wakitambulikana, shida itafika kwao mbele ya kufika kwetu.

Tuelewane kwanza: ndani ya kompyuta, sauti ni namba tu. Mashine inapima sauti mara 16000 kwa sekunde, ao mara 44100 sawa ku CD, na inaandika kila kipimo. Fishie ya WAV inaanza na kichwa kidogo, mara nyingi baiti 44, chenye kusema vipimo ni vingapi kwa sekunde na kila kimoja kina biti ngapi. Kisha namba zinafuata. Hakuna uchawi.

Python inakuja na moduli yake, wave, haiombi hata megabaiti moja ya intaneti. Lakini inasoma paka WAV isiyobanwa. Sauti za WhatsApp ziko za Opus, wave inazikataa. Hapo tunatumia soundfile, yenye inategemea libsndfile, maktaba ya bure yenye Erik de Castro Lopo alianzisha. Amri ya read inawapa vitu viwili: namba, na kasi ya vipimo. Amri ya write inaomba hivyo viwili pamoja na jina la fishie.

Sasa sikilizeni muzuri. Wengi ku mitandao wanaficha shahidi hivi: wanasoma sauti ya 16000, wanaiandika na kichwa chenye kusema 22050. Sauti inakuwa nyembamba sawa ya mtoto, inakimbia, watu wanacheka, wanafikiri kazi imeisha. Haijaisha! Hakuna namba hata moja yenye iliguswa, ni kichwa tu kilidanganya. Mwenye kuwa na kompyuta ataisoma, ataiandika tena na 16000, na motari wetu atasikika vile alisema. Ni mistari mitatu ya kodi. Kama hajui kasi ya kwanza, atajaribu mbili tatu, sikio litamwambia.

Kuna programu zenye kugeuza unene wa sauti bila kugusa kasi. Hizo pia, nyingi zinaweza kurudishwa nyuma. Na hata zisiporudi, mutu anajulikana kwa neno lenye anapenda kurudilia, kwa lafuzi ya kwao, kwa kikohozi, kwa jenereta ya jirani yenye inanguruma nyuma yake.

Kwa hiyo ushuhuda wenye tunatoa inje, mmoja wetu ndiye atausoma kwa sauti yake. Tunaandika maneno ya shahidi, tunatoa saa kamili na jina la avenii yake, kisha tunarekodi. Inachelewesha kazi, ndiyo. Tukubali.

Fishie ya kwanza, ile ya Opus vile ilifika, haiguswi. Siku moja mwanasheria anaweza kuiomba. Kuigeuza WAV hakurudishi kile kilipotea wakati wa kubanwa, kunakula nafasi tu: dakika moja ya 44100, biti 16, njia moja, ni megabaiti 5 na zaidi. Kama murekodi wenyewe, wekeni FLAC, inapunguza uzito bila kupoteza namba. Na muangalie jina lenye munapatia write: kama fishie ya jina hilo iko tayari, itafutwa na kuandikwa upya, bila kuuliza ndiyo wala hapana.

Wenye walikuja na kompyuta wasogee hapa mbele. Tutajaribu na sauti zetu wenyewe. Za mashahidi hazitafunguliwa leo.