Uvuvi wa Mshipi Katika Ziwa Lenye Magugu

Mazungumzo yetu ya leo ni habari za samaki wawili wa Marekani: mmoja alivushwa bahari akafika kwetu Afrika ya Mashariki, na wa pili amebaki kwao. Wa kwanza ni besi mwenye domo kubwa. Twaandika besi wala si basi, msomaji asije akadhani twasimulia habari za gari. Wa pili huitwa krapi. Wote wawili ni wa ukoo mmoja, na wote hupenda maji yaliyotulia yenye majani mengi. Na majani hayo ndiyo yamtaabishayo mvuvi.

Besi ana mgongo wa kijani na tumbo jeupe, na ubavuni mwake mna mstari mweusi uendao hata mkiani. Kinywa chake hupita nyuma ya jicho, na kwa kinywa hicho humeza samaki wadogo, vyura, kamba, na hata kifaranga cha ndege kikianguka majini. Krapi ni mdogo kuliko besi, mbavu zake zimebanwa kama sahani iliyosimamishwa, naye ana madoadoa meusi. Hutembea kwa makundi karibu na matawi ya miti yaliyozama. Midomo yake ni laini kama karatasi, hata mtu akivuta mshipi kwa pupa ndoana hupasua mdomo, na samaki akaenda zake. Watu wa Louisiana wasemao Kifaransa humwita mfuko wa maziwa, na waliokwisha mla hawaoni neno la kushangaza katika jina hilo.

Habari ya besi mkubwa yajulikana sana huko kwao. Tarehe 2 Juni, 1932, kijana mmoja mkulima jina lake George Perry alivua katika ziwa Montgomery, jimbo la Georgia, besi mwenye uzito wa ratili 22 na wakia 4. Miaka hiyo ilikuwa ya dhiki kubwa, na samaki yule alipikwa akaliwa nyumbani. Hapana aliyepata mfano wake kwa uzito mpaka mwaka 2009, alipovuliwa mmoja katika ziwa Biwa, nchi ya Japani.

Sasa na turudi kwetu. Naivasha ni ziwa la Kenya, katika Bonde la Ufa, nalo limeinuka zaidi ya futi 6,000 juu ya usawa wa bahari. Mito Malewa na Gilgil huingia humo, wala hapana mto utokao juu ya ardhi. Lakini maji yake ni matamu, kwa kuwa mengine hupenya chini ya ardhi na kwenda zake pamoja na chumvi. Hapo zamani samaki wa asili wa ziwa hilo alikuwa mdogo sana, asiyetosha hata kitoweo cha mtoto. Perege waliletwa mwaka 1925, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920 wakaletwa besi wa Marekani, ili watu wapate mchezo wa kuvua kwa mshipi. Yule mdogo wa asili hakuonekana tena baada ya mwaka 1962. Hatusemi kwamba ni besi peke yake aliyemmaliza, maana na ziwa lenyewe hupungua na kujaa. Lakini mwenye domo kama lile akiingia katika nyumba ya wadogo, yafaa kufikiri.

Twapenda kusema kwa urefu kidogo juu ya magugu, maana wengi huyahesabu yote kuwa adui. Kuna majani yaotayo chini ya maji, na kuna myungiyungi ambayo mizizi yake imo matopeni na majani yake yaelea juu. Hayo ni mali ya ziwa. Mchana, kwa nuru ya jua, majani ya chini hutoa hewa safi majini. Wadudu hukaa humo, samaki wachanga hujificha humo. Pembezoni pa ziwa yako mafunjo, nayo huzuia udongo unaoletwa na mito. Lakini kuna magugu ya namna nyingine, yaeleayo bila kushika ardhi: salvinia, iliyoenea Naivasha katika miaka ya 1960, na gugu maji lenye maua ya zambarau, lililoonekana huko mwaka 1988. Haya hufunika maji kama mkeka. Nuru haipiti, majani ya chini hufa na kuoza, na hewa huwapungukia samaki. Basi mvuvi akiuliza kama magugu ni mema au mabaya, kwanza na atazame kama yana mizizi ardhini.

Mwaka 1970 akaletwa mgeni mwingine wa Marekani, naye ni kamba mwekundu wa maji matamu kutoka Louisiana. Kamba huyu alikula majani ya chini na myungiyungi hata mahali pengi pakabaki patupu. Besi naye alifurahi, maana kamba alikuwa chakula chake.

Mtu atavuaje basi mahali pa magugu? Besi hawindi kwa kukimbia mbali, huvizia. Husimama kivulini ukingoni mwa majani, kichwa kikielekea maji meupe, akingojea kipitacho. Kwa hiyo usitupe ndoana katikati ya ziwa pasipo kitu, wala usiitupe ndani kabisa ya msitu wa majani. Tafuta ukingo, tafuta tundu katika mkeka wa myungiyungi, tafuta gogo lililozama. Enda alfajiri au jua linapokuchwa, naye atakuwa ametoka kidogo. Mtumbwi na uende kwa pondo, polepole, wala kasia lisigonge ubavu wake, kwa kuwa samaki husikia mtikisiko huo mbali sana.

Ndoana tupu hushika majani kila mara, hata mvuvi akachoka kwa kuyabandua. Dawa yake ni kuchoma ncha ndani ya chambo kilicho laini, isionekane nje, mpaka samaki akiuma ndipo ncha itokeze. Kamba afaa sana kwa kazi hiyo, na chura wa mpira vilevile, akivutwa juu ya majani kwa kurukaruka. Maji yakipasuka chini ya chura, usivute mara moja. Ngoja kitambo cha kutamka jina lako, uone kama mshipi wakaza, kisha inua ufito kwa nguvu. Na hapo usimpe nafasi: mlete juu, kichwa chake kitoke majini, maana akipata kushuka atauzungusha mshipi katika mashina, na utamwacha huko pamoja na ndoana. Ndiyo sababu mshipi wa mahali pa magugu huwa mnene. Kwa krapi mambo ni kinyume: mshipi mwembamba, chelezo kidogo, samaki mchanga ndoanani, na mkono mwepesi.

Liko jambo jingine ambalo twataka lifikiriwe hasa na wale walao kwa uvuvi. Besi dume husafisha kiota chake katika maji haba, jike hutaga humo mayai maelfu, kisha jike huenda zake. Dume hukaa akiyalinda, na baadaye huwalinda watoto. Wakati huo huuma kila kinachokaribia, si kwa njaa, bali kwa ulinzi, na kwa hiyo kumvua ni kazi rahisi mno. Lakini akiondolewa, samaki wengine huyala mayai yote katika muda mfupi. Sisi twamrudisha majini, na twaona aibu kwa yule amwitaye huyo windo la kujivunia. Wavu wa macho madogo ukokotwao pwani pa ziwa hufanya vivyo hivyo kwa viota vya perege na besi pamoja. Aukokotaye ana watoto wanaongoja chakula jioni, wala hatumdharau. Ila hesabu hiyo ilikwisha onekana. Mwaka 2001 samaki wa Naivasha walikuwa wamepungua hata uvuvi ukafungwa kwa muda wa mwaka mmoja, na wavuvi waliokuwa na vibali wakakaa bila kazi. Mwaka huohuo alionekana samaki wa kigeni aitwaye karpu, naye katika miaka iliyofuata akawa ndiye ajazaye mitumbwi. Karpu hufukua matope akitafuta chakula, na maji yakichafuka besi haoni cha kuwinda, kwa kuwa yeye huwinda kwa macho.

Kwa habari ya kiboko tutasema machache. Mchana hukaa majini, na usiku hupanda nchi kavu kula nyasi. Usipite kati yake na maji ya kina, wala usiingie katika njia zake ndani ya mafunjo kabla ya jua kupanda. Watu wameuawa humo. Upepo wa alasiri nao huvuma kwa nguvu na kusukuma visiwa vya mafunjo vieleavyo, hata mtumbwi ukafungiwa njia ya kurudi. Heri kufika pwani kabla ya saa nane.

Ukifika nyumbani na samaki wako, mpasue tumbo kabla ya kumtupia paka matumbo. Ukikuta magamba mekundu ya kamba, chambo chako cha kesho umekwisha kijua. Ukikuta mifupa ya perege wachanga, kesho chukua kitu cheupe king'aacho, ukivute mbio kidogo ukingoni mwa majani.