Mkeka wa Lusangi na Deni Letu

Maneno ya makarani wa mgodi mbele ya wafanya kazi na wakaaji wa mji



Tumeombwa tuseme juu ya wamama wasukaji wa Lusangi, wale wa vijiji vya upande wa Kasongo na Kabambare. Tunajua wengine kati yenu wanacheka moyoni: makarani wanajua nini juu ya mikeka? Ni kweli, mikono yetu imezoea kalamu. Lakini mama zetu ndio waliosuka, na malipo ya masomo yetu kwa misioni yalitoka ndani ya mikeka ile. Tena tuna neno la kuungama mbele yenu, nalo tutalisema leo hii.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Mtu wa mji anaona mkeka umekunjwa sokoni, anadhani umeota kama majani. Mama anashuka bondeni penye maji, mahali mwale unapoota. Anatafuta jani changa ambalo halijafunguka, maana likichelewa linakuwa gumu na halifai tena. Analichana, analianika, na mvua ikija anakimbia kuliingiza nyumbani. Sehemu nyingine anaitia rangi. Ndipo anaposuka ukili, usiku, baada ya kupika na kuteka maji, kwa sababu mchana ni wa shamba. Ukili ukitosha anaushona upande kwa upande mpaka mkeka upate upana wake. Kama saa zile zingehesabiwa jinsi kapita anavyohesabu saa zetu, hakuna mfanya kazi hata mmoja hapa angekubali mshahara wa namna ile.

Zamani wazee walikuwa na kitanda cha mfumi pia. Katika nchi nyingi za Kongo waume ndio waliofuma nguo za rafia, na zile nguo ndogo zilizoitwa viramba zilitumika kama fedha sokoni. Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871, alistaajabia soko lililojaa wanawake mamia kwa mamia, na akaona walivyojua bei. Soko lile ndilo lililopigwa risasi na watu wa wafanya biashara tarehe 15 Julai mwaka ule ule, na wengi walikufa mtoni. Tunakumbusha jambo hili kwa sababu kuna vijana wanaosema eti mwanamke wa kijiji hajui biashara. Alijua kabla ya baba yako kujua kuandika jina lake.

Basi, ikiwa anajua kusuka na anajua kuuza, kwa nini anabaki maskini? Hapo ndipo shauri lote lilipo.

Mtu wa baiskeli anafika kijijini na chumvi, sabuni, na dawa za homa. Mama hana faranga. Anachukua vitu, na mtu yule anaandika. Mwezi ukiisha anarudi kuchukua mikeka, na bei anaitaja yeye. Mama hawezi kukataa, kwa kuwa chumvi imekwisha kuliwa. Anauza mkeka kabla ya kuusuka. Hatusemi kwamba mtu wa baiskeli ni mwizi. Naye anasukuma mzigo katika njia mbaya mnayoijua, akivuka matope na vizuizi, na pengine anarudi na hasara. Lakini mwenye deni hana bei.

Wazee wetu walijua ginsi hii tangu pamba. Mwaka 1917 Serikali ya Wabelgiji ilitoa amri ya kulima pamba kwa lazima, na Maniema yetu ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kujaribiwa. Mwaka 1920 ikaundwa Cotonco, na kufuata sheria ya mwaka 1921 kila kampuni ilipewa eneo lake, hata mkulima asiweze kuuza kwa mwingine. Bei iliwekwa juu yake. Mke na watoto walipalilia na kuchuma, na jina lililoandikwa kwenye daftari lilikuwa la mume. Kisha pamba ilikwenda mbali na kurudi katika magazini kama kitambaa cha bei kali. Mnunuzi mmoja, bei moja, mwuzaji asiye na neno: mama wa Lusangi yumo katika mtego ule hata leo, ijapokuwa hakuna askari wala kiboko.

Dawa yake inajulikana, tena si ngumu. Ni sanduku.

Vikundi hivi huitwa AVEC hapa Kongo, na ndugu zetu wa Tanzania wana VICOBA, inayofanana navyo. Mfano ulianza Niger mwaka 1991, kwa wanawake wasiojua kusoma. Watu kama 15 mpaka 25 wanaojuana wanakaa pamoja kila juma. Kila mmoja anatia akiba yake mbele ya macho ya wote. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu ambao si walinzi wa sanduku, hata asiwepo mmoja anayeweza kulifungua peke yake usiku. Anayehitaji anakopa na kurudisha na faida kidogo. Kuna mfuko mwingine mdogo wa msiba na ugonjwa. Mwaka ukikaribia kuisha wanagawana akiba na faida, kisha wanaanza upya.

Tuhesabu kidogo, maana ni kazi yetu. Tuseme wamama 20, kila mmoja anatia faranga 1.000 kwa juma. Kwa majuma 40 ni faranga 800.000. Kwa bwana mkubwa si kitu. Lakini siku mtoto anaposhikwa na homa, mama anakopa sandukuni badala ya kwa mtu wa baiskeli, na mkeka wake unabaki nyumbani mpaka bei ipande. Tena wamama 20 wakiwa na mikeka 60 chumba kimoja, mnunuzi atakuja kwao na kusema nao kwa adabu.

Hatuoti ndoto. Kule Uhindi, katika mji wa Ahmedabad, mama mmoja jina lake Ela Bhatt aliunda mwaka 1972 chama cha wanawake wanaojifanyia kazi wenyewe, kinachoitwa SEWA. Mwaka 1974 wanawake 4.000 walitoa rupia 10 kila mmoja wakafungua banki yao. Wengi hawakujua kutia sahihi. Karibu nasi zaidi, Wakamba wa Kenya wana desturi yao ya mwethya, watu kusaidiana kazi kwa zamu, na vikundi vya wamama wa namna hii vilijenga matuta ya mashamba na kusuka vyondo vilivyouzwa mpaka Ulaya. Lakini tusifiche upande wa pili: vyondo vilipopendwa, viwanda vya Asia viliviiga na kuuza rahisi. Kikundi kizuri hakimzuii mnunuzi kwenda kwa mwingine.

Hata hapa mjini mkeka wa plastiki umejaa. Unaoshwa kwa maji, na bei yake ni ndogo. Hatuwezi kuwaambia watu wanunue mkeka wa mwale kwa huruma. Huruma inanunua mara moja tu. Afadhali wasukaji wajue tunachohitaji. Vitanda vya kambi vina kipimo kimoja, na mikeka inayotoka Lusangi mingi inazidi au inapungua. Nani amewapelekea kipimo? Hakuna. Kamba moja yenye fundo mbili ingetosha.

Sasa neno la kuungama.

Miaka michache iliyopita kikundi kimoja cha wamama wa kwetu kilitukabidhi mikeka 30. Walituamini kwa kuwa sisi ni watoto wao, na kwa kuwa tunavaa viatu. Tuliigawa hapa kambini kwa deni, tukiandika majina, malipo siku ya mshahara. Siku ya mshahara ilifika. Wengine walilipa vizuri. Wengine walisema mama wa kijijini haondoki, atangoja. Tukaona haya kuwadai wenzetu tunaokunywa nao. Tulituma fedha ya mikeka 19 na barua ndefu yenye maneno mazuri. Kumi na mmoja mpaka leo haijalipwa.

Si hayo tu. Tulikuwa tumewaambia kwamba kikundi bila mtu wa kusoma hakitakwenda, tukamweka mwenzetu mmoja kuwa mkubwa wake, naye akashika ufunguo mmoja. Kumbe hakuwa akifika kijijini ila kila mwezi wa tatu, na sanduku lilikaa limefungwa wakati wamama wanahitaji kukopa. Mama mmoja alitolewa na mumewe, akiambiwa kwamba chama kile ni cha wezi wa mji. Hakukosea sana yule mume. Mama alirudi kwa mtu wa baiskeli.

Tulisoma shule ya sekondari tukadhani kusoma ndiko kunakolinda fedha. Kinacholinda fedha ni macho ya watu wengi. Wamama wanahesabu kwa kichwa bila kukosea, kila mmoja anakumbuka yake na ya jirani. Msomi anaweza kusaidia kuandika daftari, lakini ufunguo si wake.

Na ninyi waume, sikieni neno moja la sheria. Zamani mke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya mume kwa mambo ya sheria, ndivyo Kitabu cha Jamaa cha mwaka 1987 kilivyosema. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa ile. Mke anaweza kutia sahihi na kuingia chama kwa jina lake. Tena tangu Kongo ilipoingia OHADA mwaka 2012, watu watano wanatosha kuunda koperative ndogo yenye kutambuliwa na Leta. Hatuwaambii wamama wakimbilie karatasi hizo kesho. Waanze na sanduku. Lakini asije mtu akawaogopesha kwamba wanavunja sheria.

Basi tumepatana hivi. Mwenzetu amekwisha kuacha ukubwa, na ufunguo umerudishwa kwa mama mmoja aliyechaguliwa na wenzake. Kamba ya kipimo cha kitanda imekatwa, itakwenda Lusangi pamoja na dereva anayeondoka juma hili. Kwa habari ya mikeka 11, daftari lenye majina tunalo hapa. Sisi makarani tulichukua mikeka minne kati ya hiyo, na fedha yake iko mezani mbele yenu. Mikeka saba inabaki. Hatutasoma majina leo. Siku ya mshahara, saa kumi, tutakaa chini ya mwembe karibu na lango la kambi, na kila mwenye kudaiwa anajijua.