Mzazi Aketipo Mkekani Siku ya Sikukuu

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma.)



Sikukuu ya Idi katika nyumba za mwambao haianzi asubuhi ya sala. Huanza jioni ya kutazama mwezi, watoto wanapotoka uani na kupanda juu ya kinu kilichopinduliwa, au juu ya mabega ya kaka zao, kila mmoja akidai kwamba ameuona yeye kwanza. Aghalabu walichokiona ni ukingo wa wingu. Lakini mzee mwenye busara hawakanushi, kwa kuwa huo ndio mchezo wao wa kwanza wa sikukuu, na waamuzi wa mwezi wako kwingine.

Usiku huo hakuna mtoto alalaye mapema. Jikoni hukandwa unga wa visheti, na mtoto wa miaka minne hupewa donge lake alifinyange apendavyo. Atatengeneza samaki, au gari, au kitu kisicho na jina, nacho kitakaangwa pamoja na vingine na kuwekwa sahanini bila kubaguliwa. Halafu hupimwa zaka ya fitri: pishi moja ya chakula kwa kila kichwa kilichomo nyumbani, hata kwa kitoto kichanga kilicholala. Aliyeanza Darasa la Kwanza hushika kibaba na kuhesabu. Vibaba vinne ni pishi. Nyumba ya watu saba ni vibaba 28. Akipotea njiani, mchele hurudishwa kapuni na hesabu huanza upya, huku wenziwe wakimcheka. Kisha yeye mwenyewe ndiye atumwaye kwa jirani asiyejiweza, naye huonywa asitangaze barabarani anachokipeleka. Hapo pana hesabu na pana adabu, wala hapana ubao wala chaki. Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake cha Elimu ya Kujitegemea cha Machi 1967, aliwakumbusha wasomi kwamba Waafrika walikuwa na elimu kabla ya shule za wakoloni, na kwamba mtoto alijifunza kwa kuishi na kutenda. Nyumba iliyo katika mkesha wa Idi ni ushahidi wa maneno hayo.

Lakini mchezo ulio mkubwa kuliko yote nyumbani ni vitendawili. Utaratibu wake waujua kila aliyelelewa kwa Kiswahili: mmoja hutangaza kitendawili, wengine humwambia atege, naye hutega. Wakishindwa, hudai apewe mji. Na hapo ndipo utamu ulipo, kwani mtegaji mwerevu hakubali mji wowote apewao. Akipewa Kigoma husema hana nauli ya treni. Akipewa Bagamoyo huuliza, huko ana nani? Basi wenziwe hulazimika kumbembeleza kwa miji mingine, Tanga, Kilwa, Dodoma, Mwanza, hata aridhike. Ndipo aeleze safari yake, aliyokutana nayo njiani, na mwisho wa safari atoe jawabu. Mtoto wa miaka mitano aliyecheza hivyo kwa sikukuu mbili tatu huwa na ramani ya nchi kichwani kabla hajaiona ukutani. Na mzazi aliyesoma anaweza kuongeza chumvi kidogo: kwamba reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwamba msafiri wa huko huliona Ziwa Tanganyika mwisho wa safari.

Walimu wana neno lao hapa. Kitendawili cha nyumba isiyo na mlango kina jawabu lake linalojulikana, nalo ni yai. Mtoto ajibuye "nazi" huambiwa amekosa, mchezo ukaendelea. Kwani nazi ina mlango? Nayo imefungwa pande zote, na ndani mna maji. Mtoto huyo ana hoja, na haki yake ni kuulizwa aitetee, kisha baraza la mkekani liamue. Mazoea ya darasani ya kutaka jibu moja tu yakihamishiwa katika mchezo, mchezo hugeuka mtihani, na watoto wadogo huutoroka.

Kuna jambo linalowagusa watumishi kuliko watu wengine. Bibi ndiye aliyekuwa mwenye vitendawili. Yeye ndiye aliyejua ni hadithi ipi ya usiku wa sikukuu na ni ipi ya siku ya msiba. Mtumishi aliyezaliwa Pangani, barua ya uhamisho ikamfikisha Sumbawanga, amesafiri zaidi ya kilomita 1,000 na bibi amebaki nyuma. Amechukua vyombo, amechukua vyeti, amechukua watoto. Desturi za nyumbani haziingii katika shehena hiyo, labda yeye mwenyewe azibebe mdomoni. Hali ni hiyo hiyo kwa mtumishi wa Kilimanjaro ambaye Desemba imemkuta Lindi na nauli ya kwenda Krismasi nyumbani haikupatikana. Watoto wao hawana mwingine wa kuwategea.

Hata hivyo umbali si kizuizi kikubwa kama ilivyo heshima isiyo mahali pake. Yako mazoea, yaliyoota mizizi tangu enzi za mabwana shauri, ya kudhani kwamba mkubwa wa kazi ni mkubwa hata sebuleni. Siku ya Idi mkubwa huyo huvaa kanzu iliyopigwa pasi, huketi kitini, na watoto huletwa mbele yake mmoja mmoja kupokea mkono wa Idi, mithili ya vibarua mbele ya mhasibu mwisho wa mwezi. Noti hutolewa, shukrani husemwa, mtoto huondolewa. Baada ya hapo huwashwa runinga, na aliye mdogo hukabidhiwa simu ili anyamaze. Fedha hiyo yaweza kuwa nyingi kuliko aliyoipata baba katika Idi zote za utoto wake, lakini haina kumbukumbu. Mzazi ajuaye kucheza huficha sarafu ya shilingi 200 katika ngumi moja na kumtaka mtoto akisie. Akikosa, hutegewa kitendawili ili aikomboe. Sarafu hiyo mtoto ataisimulia mpaka Idi nyingine.

Mwaka wa mwezi ni pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Idi huzunguka majira yote katika miaka ipatayo 33, na michezo huzunguka nayo. Idi ya masika ni ya ndani, ya mdako wa kokoto na hadithi, mvua ikipiga paani. Idi ya kusi ni ya tiara: njiti za makuti, karatasi, uji wa unga badala ya gundi, na mkia wa kitambaa. Mkia ukizidi urefu, tiara haipandi. Ukipungua, huzunguka kama kichaa na kuanguka. Baba aliyepiga magoti mchangani kuupunguza mkia huo hajapungukiwa na cheo chochote, ingawa kanzu itahitaji kufuliwa.

Serikali imetoa siku mbili za mapumziko kwa Idi el Fitri. Jioni ya siku ya pili, wageni wamekwisha kuondoka na sahani ya visheti imebaki makombo, kitoto cha miaka mitano huko Sumbawanga hutega kitendawili chake, na baba, kwa kujua au kwa kujifanya hajui, hushindwa.

"Nipe mji," husema mtoto.

Baba humpa Sumbawanga. Mtoto hukataa, huko wapo tayari. Baba humpa Pangani.

"Pangani nina nani?"

"Una bibi," hujibu baba, naye husogea mkekani ili aanze kumweleza.