Mgongo wa Bwawa na Daraja Jipya la Jinja



Juma hili tusimame kidogo Jinja, pale Mto Nili unapotoka Ziwa Victoria. Jina lenyewe, kwa lugha za wenyeji, ni mawe, maana palikuwa na miamba na maporomoko. Kabla ya madaraja, watu walivuka kwa mitumbwi.

Reli ilifika Jinja mwaka 1928, ikagota mtoni. Mpaka liliposimama daraja la chuma ndipo garimoshi likaingia Kampala, mwaka 1931.

Kisha likaja bwawa la umeme la Owen Falls, ambalo leo laitwa Nalubaale. Malkia Elizabeth wa Uingereza alilifungua mwaka 1954. Juu ya ukuta wake ikapitishwa barabara, na hapo ndipo penye hoja yangu. Ukuta uliojengwa kuzuia maji ya kuzungusha mitambo ukafanywa pia njia kuu ya biashara. Mafuta, saruji, ngano, mitumba, vyote vilivyoteremshwa Mombasa kwenda Kampala, Kigali au mashariki ya Kongo kwa barabara hiyo vilipita hapo, lori nyuma ya lori, kwa zaidi ya miaka 60. Aliyesafiri kwa basi kutoka Nairobi anaijua njia ile. Hebu fikirini: lori moja la mafuta lingeshika moto pale juu, ingekuwaje? Umeme wa nchi na bidhaa za majirani vingeingia mashakani siku hiyo hiyo.

Daraja jipya lilifunguliwa Oktoba 2018. Lina urefu wa mita 525, limeshikwa na nyaya nene kutoka kwenye minara miwili, na sehemu kubwa ya fedha zake ni mkopo wa Japani. Ni zuri, sikatai. Lakini tulikawia mno, na mimi bado sijatulia. Shehena imeshuka mgongo mmoja ikapanda mwingine. Mkopo utalipwa na wananchi, daraja likiwa zima au likiwa bovu.

Kwa hiyo ningependa kusikia ratiba ya ukaguzi wa nyaya hizo ikitangazwa kwa vishindo vile vile vya sherehe ya ufunguzi. Na mizani ya malori huko njiani, kuanzia pwani, iwe mizani kweli, si mahali pa kuachia kitu kidogo na kupita na tani za ziada.

Hadi juma lijalo, kwaherini.