Silaha za Rafiki, Kodi ya Mwananchi: Sheria Inapolipa Bunge Meno



Serikali inaponunua silaha kwa kodi ya wananchi wake ili kumpa rafiki aliye vitani, nani ataiuliza? Jibu langu ni Bunge, lakini pale tu sheria inapolifanya Bunge liulize.

Mwanzoni mwa 1941 Uingereza ilikuwa ikipigana na Ujerumani huku akiba yake ya dola ikikauka. Sheria ya Marekani ya 1939 ilimtaka mnunuzi aliye vitani alipe taslimu na abebe shehena kwa meli zisizo za Marekani. Tarehe 11 Machi 1941, Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria ya Lend-Lease. Kifungu cha 3 kilimruhusu kuagiza zana zitengenezwe au zinunuliwe, kisha aziuze, azikodishe au azikopeshe nchi yoyote ambayo ulinzi wake aliuona ni muhimu kwa ulinzi wa Marekani. Malipo yangeweza kuwa fedha, mali, au manufaa yoyote yatakayomridhisha.

Ni madaraka makubwa mno. Ndiyo maana Bunge liliyawekea mipaka. Zana zilizonunuliwa kwa mafungu ya awali zisingetolewa kupita thamani ya dola bilioni 1.3. Mpokeaji hakuruhusiwa kuzihamishia kwa mwingine bila idhini ya Rais. Ripoti ilipaswa kufika bungeni angalau kila siku 90. Na madaraka yenyewe yangekoma tarehe 30 Juni 1943.

Kikomo hicho ndicho kilichokuwa na nguvu kuliko yote. Rais alilazimika kurudi kuomba muda. Mwaka 1945 Bunge lilimwongezea, lakini likapiga marufuku msaada huo kutumika kujenga nchi upya baada ya vita.

Sheria ya Marekani ya 1976 ya kudhibiti usafirishaji wa silaha, inayotumika hadi leo, imeugeuza mzigo huo wa kutafuta kura na kulitwika Bunge. Serikali hununua kwa watengenezaji na kumuuzia mshirika; mauzo makubwa hutaarifiwa bungeni, kwa kawaida siku 30 kabla. Bunge likinyamaza, mauzo yanaendelea. Mwaka 2019 mabaraza yote mawili ya Bunge hilo yalipinga mauzo kwa Saudi Arabia na Falme za Kiarabu. Rais Donald Trump akatumia kura ya turufu, na silaha zikaruhusiwa.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Mwaka 1941, kimya cha Bunge kingeyafuta madaraka. Sasa kimya hichohicho huhesabiwa kuwa ridhaa.

Kenya imekuwa mshirika mkuu wa Marekani asiye mwanachama wa NATO tangu Juni 2024, kwa hiyo sheria hizi zinatugusa. Enyi mtakaoandika sheria za kesho, wekeni tarehe ya ukomo, na mwacheni anayetaka kuendelea kutumia fedha za umma ndiye aje kuomba kura.